Nani Aoa, Nani Aolewa

Kuna alama moja nyekundu nliitia kwenye daftari la mwanafunzi miaka kadhaa nyuma na hadi leo haijanitoka kichwani. Mie nafunza Kiswahili sekondari, hapa hapa Mombasa, na siku hiyo tulikuwa kwenye kauli za vitenzi, kutenda kutendwa kutendewa, zoezi la kawaida la kidato cha pili, tunga sentensi tano. Msichana mmoja akaandika: Dadangu alimuoa mvuvi wa Likoni. Nikatia X. Sikufikiri hata sekunde, mkono ulikwenda wenyewe, pembeni nikaandika "aliolewa na". Kipindi kilipoisha akanifuata na daftari lake akaniuliza, mwalimu, kosa liko wapi? Nikamwambia mwanamke haoi, mwanamke huolewa. Akauliza tena, kwa adabu kabisa, hilo ni kosa la sarufi? Nikamwambia aende, kipindi kingine kishaanza.

Sikumjibu manake jibu ni hapana. Ichambue sentensi ile kipande kwa kipande, a- ya nafsi ya tatu umoja, -li- ya wakati uliopita, -mu- ya mtendwa, halafu -oa, kila kitu kiko mahali pake. Kiswahili hakimuulizi huyo "a-" kama ni mume au mke, kinamuuliza tu kama ni mtu. Kwa hivo nliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu ilikuwa desturi, nikaivisha nguo ya sarufi, na mtoto wa miaka 15 akaiona ile nguo.

Baadaye nlirudi yuni kufanya mastazi, masomo ya jioni, na kwenye orodha ya mada kulikuwa na nadharia ya lesbiani na gei na vile jamii inavyojenga jinsia, wiki tatu nzima. Tulipofika pale lekchara akasema mada hii mtajisomea, akaruka akaenda mbele. Basi nikajisomea kweli. Nikachukua flashi nikaenda saiba moja pale Mwembe Tayari kuprinti, na kijana wa pale, karatasi zilipoanza kutoka akasoma kichwa cha ile ya kwanza, akanyamaza, akaigeuza uso chini. Zilizofuata zote akazipokea kwa mgongo bila kuziangalia, akazitia kwenye bahasha ya kaki akaikunja mdomo, akaniambia, mama, hii usitembee nayo mkononi. Hakunitoza pesa ya bahasha. Nlimshukuru na namshukuru mpaka leo, lakini njia nzima kurudi nyumbani nlikuwa najiuliza, nimebeba kitu gani hasa?

Nlichobeba, nikikueleza kwa lugha nyepesi, ni watu wanaouliza swali lile lile la msichana wangu. Kosa liko wapi, na ni kosa la nini?

Mfaransa Simone de Beauvoir aliandika 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, anakuwa mwanamke. Wengi wetu twaijua sentensi hiyo kwa kuisikia tu. Mie iliyonishika zaidi ni makala ya Muingereza Mary McIntosh ya 1968, ambayo watu hawaitaji sana. Wakati huo madaktari na wanasosholojia walikuwa wakizozana, mtu huwa gei kwa sababu gani, amezaliwa hivo, amelelewa vibaya, ni homoni ama ni mama yake? McIntosh akasema mwauliza swali bovu. Kabla hujauliza kwa nini fulani yuko kwenye hilo kundi, uliza hilo kundi liliundwa lini na nani, na lafanya kazi gani kwenye jamii, manake kuna jamii ambazo watu hufanya vitendo hivo hivo na wala hakuna kundi la watu linaloitwa hivo. Miaka minane baadaye, 1976, Michel Foucault kule Ufaransa akalisukuma mbele zaidi, akasema zamani Ulaya kulikuwa na kitendo kilichokatazwa, mtu alikuwa anakosea halafu anatubu, mpaka karne ya 19 ndo kitendo kikageuzwa kuwa aina ya binadamu, mwenye tabia zake na historia yake na mwili wake wa kuchunguzwa na daktari. Hata neno lenyewe homoseksuali lina tarehe ya kuzaliwa, lilichapishwa mara ya kwanza 1869, kwa Kijerumani, na aliyelitunga ni mwandishi mmoja anaitwa Kertbeny. Kabla yake neno halikuwepo.

Hapo ndo nlipoweka karatasi chini nikaenda kupika, manake kichwa kilijaa. Na nilipokuwa jikoni ndo nikaona kwamba Kiswahili changu kimekuwa kikiniambia haya siku zote nami sikukisikiliza.

Fikiria neno jinsi. Jinsi ya mtu, jinsi ya kike, hiyo twaijua. Lakini ni neno hilo hilo twasema jinsi ya kupika pilau, jinsi alivyotembea, jinsi mambo yalivyokuwa. Yaani namna. Tena ile ki-. Nafunza ki- ya namna kila mwaka, anatembea kitoto, anaongea kizungu, anakaa kifalme, na kwenye orodha hiyo hiyo bila kushtuka twatia kiume na kike. Kakangu alipokuwa na miaka saba aliteleza kwenye mawe pale nyuma ya Fort Jesus akachubuka goti lote, damu mpaka kwenye kiatu, na mtu mzima aliyemnyanyua, neno la kwanza alilomwambia ni wacha kulia kike. Sasa kama kike ni kitu cha mwilini, mtoto wa kiume angekiwezaje? Amri ile ina maana tu kama kike na kiume ni namna ya kufanya ambayo yeyote anaweza kuteleza akajikuta yuko upande wa pili. Judith Butler kule Marekani alihitaji kitabu kizima, cha 1990, kigumu mno, kusema kwamba jinsia ni kitu kinachofanywa na kurudiwa rudiwa mpaka kikaonekana ndo asili. Na watu humsoma vibaya, hudhani amesema ni kama nguo, asubuhi waamka wachagua. Hakusema hivo. Ni kama ile njia ya mguu kwenye uwanja wa nyasi, hakuna aliyeichora, imefanywa na nyayo, lakini jaribu kupita pembeni uone watu watakavyokukodolea macho.

Na sisi wa Pwani twajua kazi inayoingia hapo, labda kuliko wengi. Wiki ya harusi yangu shangazi yangu alinifunza kutembea. Nlikuwa na miaka 24, nshatembea maisha yangu yote, na bado nilifundishwa, jioni baada ya jioni, kwenye ukumbi wa nyumba ya bibi yangu kule Kuze, na singo ya kusugua mwili bado imenikaukia mabegani. Punguza hatua. Tena. Macho yasifike kwa watu, yaishie kwenye ncha ya kanga. Ukikaa kwenye kiti usiku wa kupambwa usicheke hata shoga zako wakikuchekesha, bibi harusi hana meno usiku huo. Nlipokosea alinigusa kisigino kwa upawa, taratibu, twaanza upya kutoka mlangoni. Na usiku wenyewe ulipofika wanawake wote wakasema mashallah, mwari katulia, ndivyo alivyo, kaumbwa na haya. Shangazi yangu alikuwa kakaa safu ya mbele kabisa, kimya, upawa kauwacha nyumbani.

Sisemi haya kumlaumu. Nampenda, na usiku ule ni katika kumbukumbu zangu nzuri. Nasema tu kwamba kazi ilifanywa halafu ikafichwa, sifa ikapewa maumbile. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi 1858, beti mia na kitu, akimuusia namna ya kuwa mke, namna ya kusema na mume, ya kumtunza akilala, ya kujipamba. Sisi twausoma kama hazina ya fasihi na ni hazina kweli. Lakini mtu hamuusii samaki kuogelea. Wahenga wenyewe wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mie hiyo ni nadharia kamili imekaa ndani ya maneno manne.

Ila nadharia hii isipewe zaidi ya haki yake, na hapa sikubaliani na baadhi ya wanaoipenda kama mie. Kule Marekani kulikuwa na mwanasaikolojia John Money, ndiye 1955 aliyeanza kutumia neno jenda kwa maana hii ya wajibu wa mtu kama mume au mke. Huyu aliamini malezi ni kila kitu. Mtoto mmoja wa kiume, David Reimer, aliyezaliwa 1965, aliharibiwa uume wake wakati wa kutahiriwa hospitali akiwa mchanga, na Money akawashauri wazazi wamlee kama msichana. Wakamfanyia upasuaji, wakampa jina la kike, magauni, kila kitu, na Money akaandika kwamba imefaulu. Haikufaulu. Mtoto aliteseka miaka yote, akarudi kuwa mwanamume alipokuwa balehe, na 2004 akajiua. Sasa mtu akikuambia jamii hujenga jinsia, usimuache akukimbize mpaka kwenye kudhani binadamu ni udongo mtupu, umfinyange utakavyo. Kuna kitu ndani ya mtu kinajibu, na pengine kinakataa. Kujengwa maana yake ni kwamba vile tunavyokipanga na kukipa majina na adhabu ndo kazi yetu sisi.

Na mwili wenyewe haukuja kwenye mafungu mawili safi kama tunavyopenda. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu huntha, watu ambao miili yao haikukaa wazi upande wa kike wala wa kiume, kwa mara ya kwanza, 1,524 nchi nzima, na watu wengi walishangaa kana kwamba ni habari mpya iliyotoka Nairobi. Vitabu vya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, vina milango juu ya huntha tangu enzi na enzi, asimame safu gani kwenye sala, arithi fungu gani, na yule ambaye alama zake hazikuweza kumpeleka upande wowote wakamuita huntha mushkil, huntha wa tatizo, wakakaa wakamfanyia hesabu ya urithi ili haki yake isipotee. Maulamaa wale hawakukimbia. Nikikumbuka zile wiki tatu zilizorukwa pale yuni, hilo laniuma zaidi kuliko yote.

Turudi kwenye kuoa. Kati ya waandishi wa Kiafrika kwenye uwanja huu kuna wawili ambao kila mtu hapa angefaa awajue. Ifi Amadiume wa Nigeria aliandika 1987 juu ya mji wa Nnobi kwa Waigbo, ambako binti angeweza kuwekwa mahali pa mtoto wa kiume kwenye nyumba ya babake, na mwanamke mwenye mali angeweza kuoa wake. Na Oyeronke Oyewumi, 1997, akasema kwa Wayoruba wa zamani kitu kilichopanga watu kilikuwa ukubwa, nani kamtangulia nani, na habari hii ya mwanamke kama kundi moja la watu wa chini ililetwa na ukoloni. Ushahidi wake mmoja ni lugha, Kiyoruba hakina kiwakilishi cha mume na cha mke. Nilipoisoma nilifurahi kwanza, nikasema ndo sisi hawa, yeye ni yeye, na baba mkubwa na mama mdogo pia twawapanga kwa ukubwa. Halafu nikalikumbuka daftari. Kiswahili hakina jinsia kwenye yeye, sawa, lakini imejificha kwenye kauli ya kitenzi, mmoja anatenda na mwingine anatendwa, na ukizigeuza mwalimu anakutia X. Mpaka mkono nao twausema, mkono wa kuume na mkono wa kuke, wa kulia na wa kushoto, na kila mtu ajua upi wa kulia chakula na upi unaotumwa chooni. Kwa hivo kukosa neno la he na la she hakukutoi kwenye mtego. Oyewumi apaswa kutusaidia sisi pia lakini itabidi sisi wa Pwani tumjibu kwa ushahidi wetu.

Na ushahidi mwingine uko hapa hapa mjini, kwenye jengo la mahakama. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji J.B. Ojwang, ilisikiza kesi ya urithi. Marehemu alikuwa mwanamke wa Kinandi, na aliyekuja kudai urithi alikuwa mwanamke pia, akasema mie nliolewa na marehemu kwa mila zetu, na wanangu ni wa nyumba yake. Kukawa na waliopinga. Jaji akasema ndoa ya mwanamke na mwanamke kwa mila ya Kinandi ipo, na mwenye kuolewa na watoto wake wana haki. Soma tena taratibu. Mahakama yetu, Mombasa, ilisema mwanamke alimuoa. Sentensi niliyoitia X ilikuwa imepigwa muhuri wa serikali.

Msomaji ataniambia, hayo si mambo ya mapenzi, ni ya mifugo na shamba na jina la nyumba lisife. Kweli kabisa, na Wanandi wenyewe watakuwa wa kwanza kukwambia hivo. Mtafiti Regine Smith Oboler aliishi nao, akachapisha 1980, na alipouliza kama mwanamke anayeoa ni mwanamume, aliambiwa ndio, ni mwanamume, bila kusita. Lakini akaangalia maisha ya kila siku akaona uanaume ule una nguvu zaidi kwenye mali na urithi, kwengineko unalegea. Hilo ndo la kujifunza hapo, kwamba mwanamume ni cheo, na mtu anaweza kupandishwa kwa sababu ya ng'ombe. Kenya twaishi na haya mawili pamoja, Katiba ya 2010 kifungu cha 45 kinasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na mwaka mmoja baadaye jaji anasimama na mila hii. Kwa mila, mmoja wao ni mume, hakuna wanawake wawili hapo. Utasemaje ndoa hiyo ni ya jinsia gani bila kusoma nadharia hii? Walahi mie sijui utaanzia wapi.

Februari 2010 pale Mtwapa, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Uvumi. Umati ukavamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, watu wakapigwa, polisi wakawachukua. Harusi yenyewe haikuwepo. Mie nafikiri sana juu ya neno lililowatoa watu majumbani siku ile. Kwamba kuna wanaume wanaolala na wanaume Mtwapa, ni nani mtu mzima wa Pwani aliyekuwa hajui? Watu walikuwa wakiishi na jambo hilo, wakilikwepa, wakilichukia wengine, wakinyamaza wengi. Kilichowasha moto ni kauli ya kutendwa, mwanamume ataolewa. Kitendo kilivumilika miaka, kitenzi hakikuvumilika siku moja. Foucault angeielewa Mtwapa, nafikiri, na Mtwapa ingemfunza kitu.

Twapenda kusema mambo haya yaliletwa na meli. Kuna kilicholetwa na meli na tarehe yake yajulikana. Waingereza waliandika sheria ya adhabu kwa Wahindi 1860, na 1897 wakaitandaza sheria hiyo hiyo Afrika Mashariki, halafu 1930 wakaandika ya Kenya. Kifungu cha 162 kinachosema kinyume na maumbile, miaka 14 jela, chatoka kwenye mikono hiyo. Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi ikakataa kukifuta. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, Mahakama ya Rufani ikikaa hapa Mombasa ilisema kuwalazimisha washukiwa kupimwa sehemu za siri kutafuta ushahidi ni kinyume cha haki. Na Februari 2023 Mahakama ya Upeo, majaji watatu kwa wawili, ikasema shirika la kutetea magei na lesbiani haliwezi kunyimwa usajili, na watu wakajaa barabarani kuandamana, hapa Mombasa pia. Kila mtu kwenye mzozo ule alitumia neno maumbile. Sikusikia mtu akiuliza neno lile kwenye sheria liliandikwa na nani, kwa lugha gani, akimuogopa nani.

Kuhusu dini nitasema wazi. Mie ni Muislamu, habari za kaumu Lut nazijua, na sitaki kuzipinda ili zifanane na karatasi za kwenye bahasha. Hukumu ya tendo ina wenyewe waliosomea. Swali langu liko pembeni yake, kwamba haya majina, haya makundi, huku kuangalia mtoto anavyotingisha mkono ukampa jina la maisha, hivo vyatoka wapi? Nimeona mvulana akihamishwa shule kwa sababu ya sauti yake nyembamba. Hakuwa amefanya tendo lolote. Alikuwa na sauti.

Sasa neno shoga. Ukiwa bara ni tusi, ukilisema kwenye matatu watu wanageuka. Hapa kwetu mamangu na rafiki zake waitana shoga toka asubuhi, shoga wangu hujambo, shoga kanitupa siku hizi. Na neno hilo hilo ndilo la mwanamume wa kike, yule anayepiga soga na wanawake, anayeingia kwenye shughuli zao. Naliona neno likieleza ukaribu kwanza, nani ana ruhusa kukaa na wanawake wakiwa hawajajifunika. Mpaka ng'ambo ya bahari liko jambo hili. Unni Wikan alichapisha 1977 juu ya makhanithi wa Sohar, Oman, na hanithi yetu ni neno hilo hilo, akaeleza vile mtu huyo huhesabiwa upande wa wanawake kwenye mambo ya kukaa na kuonana, na akioa na ikathibitika ni mume, ahesabiwa mwanamume kama wenzake. Anatoka, anarudi. Jamii ina mlango kwa hilo.

Na Mombasa tuna andiko letu. Gill Shepherd alikaa hapa akaandika, ikatoka 1987, kwamba ukitaka kuelewa mabasha na mashoga na wasagaji wa Mombasa usianze na nani ni mume nani ni mke, anza na nani yuko juu. Mwenye nyumba na asiye na nyumba, mkubwa na mdogo, muungwana na wa kuja. Wanawake wenye mali zao, washaolewa na kuachwa, wamekuwa watu wazima kamili machoni pa watu, wakawa na wasichana wasio na kitu chini ya ulinzi wao, na mavazi yao yakabaki buibui na leso kama wanawake wengine. Kuna nlichokipinga pale, naona anafanya kila mapenzi kuwa kodi ya nyumba, kama vile maskini hapendi. Lakini kuhusu juu na chini, alituona. Nlimuuliza bibi yangu kabla hajafariki, bila kumtajia kitabu chochote, bibi, mwanamke anaweza kuoa? Alikuwa anachambua mchicha. Akasema bila kuinua macho, aoaye ni atoaye.

Makala ile iko kwa Kiingereza karibu miaka 40 sasa. Yatuhusu sisi, imejaa maneno yetu, na wanaozungumzwa mle hawawezi kuisoma wala kuijibu. Maisha ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel angalau yalitoka pia kwa Kiswahili 1991, na hilo lanipa moyo. Kwa hivo nimeanza kuitafsiri ya Shepherd mwenyewe, usiku, kwa penseli, nipate walau kujua twasemaje. Nimekwama neno la kwanza la kichwa chake, lile la nani yuko juu. Nliandika cheo, nikafuta, cheo ni cha ofisini. Daraja, nikafuta. Uungwana umekaribia lakini umebeba utumwa wote mgongoni na sitaki kuuficha wala kuutia pasipo mahali pake. Ijumaa nikampelekea shangazi yangu, yule wa upawa, nikamwambia nataka neno, mtu ambaye akikaa wengine wanasimama, akiamua wengine wanafuata, awe mume awe mke. Akafikiri kidogo, akaniuliza ni wa kutisha ama wa kutunza? Nikamwambia vyote viwili. Akasema basi huyo ni mwenye watu.

Nimeliandika. Bado lina alama ya kuuliza pembeni, ya penseli.